Mkalimani wa Mke Wangu

Waliosoma wiki iliyopita wanajua nilipokomea. Kwa ambaye gazeti lilimpita, mambo ni haya: mimi naitwa Pitia, mkalimani wa hospitali hapa Juba. Mwaka 1977, mimi na mke wangu Kiden tukirudi kutoka Uganda, askari walinishusha kwenye kizuizi kabla ya Kaya, mji wa mpakani, wakanipiga mateke chini ya kitovu mpaka nikakojoa damu. Mwili ulipona. Uanaume haukurudi.

Kiden alivumilia miaka miwili. Asubuhi moja ya Juni 1979, akimenya mihogo mbele ya tukul yetu, nyumba ya msonge, kule mtaa wa Atlabara, alisema bila kuniangalia:

"Pitia, yule daktari wa vichwa anakuja wiki ijayo. Nasikia anatibu hata mambo ya mume na mke. Twende wote wawili."

"Tukamwambie nini?"

"Ukweli. Kwamba mimi namtaka mume wangu, na nataka mtoto, lakini wewe mwili umekugomea. Si kosa lako. Ukiona haya, nitasema mimi."

Alisema kwa upole, nami nikaona ni kama amenivua nguo mbele ya watu.

Mjue hospitali yetu ilikuwaje. Mafaili ya wagonjwa wa akili yalikuwa mikononi mwa Saturnino, muuguzi wa wodi ya nyuma. Faili alilosoma leo, kesho habari zake ziko soko la Konyo Konyo. Kichwani niliwaona tayari wauza samaki wakinong'onezana nikipita. Niliwaona vijana wa stoo wakinicheka.

Nikamwambia Kiden, "Sawa, tutakwenda."

Nikaamua nitatangulia kusema mimi.

* * *

Daktari huyo alikuwa kawaja, mzungu aliyehamia Nairobi miezi mitatu kabla. Alikuja kwetu kwa ndege kila baada ya wiki kadhaa. Kiarabu hakujua, Kikakwa chetu hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa maneno ya kuhesabika. Alisema Kiingereza, na kila mgonjwa aliyeongea naye alipitia mdomoni mwangu.

Nilimpokea uwanja wa ndege na Landrover ya hospitali. Tulipokuwa tunasubiri mizigo yake, nikamwambia nina shida ya nyumbani.

"Mke wangu anataka mwanamume kupita kiasi," nikasema. "Kila siku. Hachoki."

"Kupita kiasi cha nani?" akauliza.

Swali hilo sikuwa nimelitegemea.

"Kuliko mimi."

Akatabasamu kidogo. "Pengine basi wewe ndiye uliye chini ya kiasi."

Nikacheka, naye akacheka, tukapakia mizigo.

Njiani alinieleza mambo ambayo sikumwomba. Alikuwa mtu mwema, na watu wema hueleza sana. Alisema kuna kitabu kipya cha dunia nzima kinachopanga magonjwa ya akili, kila ugonjwa na namba yake, na mwaka huohuo ndipo kilipoanza kutumika. Tamaa ya mwanamke ikisemekana imezidi, madaktari wana neno lake la Kigiriki, nimfomania. Ya mwanamume ina neno jingine.

"Na hilo la wanaume umewahi kuliandika?" nikamwuliza.

Akafikiri. "Sijawahi. Hakuna aliyewahi kuniletea mume wake."

Akaendelea. "Mimi neno hilo silipendi. Halina kipimo. Kwenye kitabu limesukumwa kwenye fungu la mengineyo, pamoja na vitu vilivyokosa pa kukaa. Wapo wanawake walioandikiwa neno hilo zamani kwa sababu tu walisema wanawataka waume zao. Mara nyingi mtu akiwa hivyo kweli, ni dalili ya ugonjwa mwingine. Halali usiku, anaongea bila kupumua, anajiona malkia. Au akili imegawanyika, anasikia watu wasiokuwepo. Hayo yana dawa. Yasipokuwepo, namrudisha nyumbani."

Nilisikiliza kwa makini sana. Alidhani nina bidii ya kazi.

* * *

Alhamisi nikampeleka Kiden. Alivaa gauni lake la kanisani. Tuliketi watatu chumbani, mlango umefungwa.

"Muulize analalaje," daktari alisema.

Nikamwuliza kwa Kikakwa. Kiden akajibu, "Nalala vizuri. Ila naamka alfajiri na mawazo."

Nikamwambia daktari, "Anasema hapati usingizi."

"Muulize hamu yake ya mume ikoje."

Kiden aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Mwambie mume wangu hajaweza kunigusa tangu Kaya. Mwambie nampenda, na sitafuti mwingine. Nataka atibiwe."

Nikamwambia daktari, "Anasema hakuna kinachomtosha."

Daktari alimtazama Kiden muda mrefu. Kiden naye akamtazama bila woga, mikono imetulia mapajani. Mwisho daktari akafunga faili.

"Sioni mgonjwa hapa," akaniambia. "Naona mwanamke mwenye huzuni. Safari ijayo nataka kuzungumza nanyi wawili kama mke na mume. Nitatafuta mkalimani mwingine, si vizuri kazi hiyo kuifanya wewe."

Mkalimani mwingine. Hapo ndipo ningezikwa.

Kiden aliona faili limefungwa akadhani tumefukuzwa. Asubuhi alikuwa amemsikia daktari akisalimia watu kwa Kiswahili, basi akaacha Kikakwa, akasogea mbele ya kiti, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto:

"Daktari. Yeye ndiye mgonjwa. Si mimi."

Daktari akashtuka. "Maneno hayo nayajua," akaniambia kwa Kiingereza. "Neno mgonjwa najua. Mimi najua. Yeye... hilo ni la mwanamume au la mwanamke?"

"Yote mawili, Daktari. Kiswahili hakitenganishi."

"Basi anamaanisha nani?"

Nilimwangalia Kiden. Aliniitikia kwa kichwa kunitia moyo, akiamini kwamba hatimaye nimefika mahali pa kusema.

Nikasema, "Anasema ndani yake kuna mwanamke mwingine. Huyo ndiye mgonjwa. Si yeye."

Daktari alinitazama, akamtazama Kiden. Kiden akaitikia kwa kichwa tena.

Faili likafunguliwa.

* * *

Daktari aliandika mambo mawili. Juu aliandika lile neno la Kigiriki, akaliwekea alama ya kuuliza. Chini yake akaandika kwamba huenda ni ugonjwa wa akili iliyogawanyika, mgonjwa alazwe, adungwe sindano ya mafuta, dawa ya akili inayokaa mwilini, kila wiki tatu, naye atamwangalia upya mwezi wa Julai.

Kabla ya mchana Saturnino alikuwa ameshasoma. Neno lilifika Konyo Konyo kwa Kiarabu, kwa Kibari, kwa Kiswahili, kila lugha ikiliongezea uchafu wake. Alama ya kuuliza haikwenda nalo.

Jioni hiyohiyo mama mmoja jirani alinishika mkono barabarani. "Malesh, Pitia," akaniambia, "pole sana mwanangu. Kumbe ulikuwa unateseka na mwanamke wa namna hiyo."

Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante.

Kiden aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza, ameketi kwenye kitanda cha chuma cha wodi ya nyuma.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ulivyosema."

"Mbona nimelazwa mimi?"

"Wanaanza na mke," nikamwambia. "Halafu mume."

Alinitazama kwa namna ambayo mpaka leo nikiwa peke yangu naiona. Hakuuliza tena.

Sindano ya kwanza ilimlaza. Baada ya ya pili, uso uliganda. Mikono ilitetemeka, mate yakamtoka pembeni mwa mdomo, ulimi ukawa mzito kama umefungwa kitambaa. Kila mchana nilimpelekea chakula. Nilimlisha kwa kijiko, nikamfuta kidevu, na wauguzi wakasema hakuna mume kama Pitia.

Nilijiambia Julai daktari atakuja, nitamweleza pembeni amwachie. Julai ndege haikuja. Agosti wakasema mafuta ya ndege hayapo. Saturnino aliendelea kudunga kama ilivyoandikwa. Ningeweza kwenda kwa mganga mkuu wa hospitali nikasema simamisha. Ningetakiwa kueleza kwa nini. Sikwenda.

* * *

Katikati ya Septemba, Saturnino aliniita dirishani akicheka.

"Pitia, wewe iko na bahati. Bibi yako iko na mimba."

"Unasema nini?"

"Damu yake hakuna, miezi mbili sasa. Tumbo iko inajaa. Maziwa nayo inatoka, mimi naona na macho yangu. Wewe kwenda kuona."

Nilikwenda wodini. Kiden alikuwa ameketi kitandani. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, sehemu mbili. Na usoni, kupitia ule ugumu wa dawa, kulikuwa na tabasamu. Sikuwa nimeliona tangu Juni.

Sasa nawaombeni mnisikilize vizuri, kwa maana sehemu hii ndiyo inayonitia aibu kuliko zote. Mimi niliyeutunga ule uongo niliuamini. Ghafla lile neno likawa kweli. Niliwahesabu wanaume wote wanaopita wodi ya nyuma, wafagiaji, walinzi, Saturnino mwenyewe. Nilikasirika kama mtu aliyedhulumiwa.

"Ni ya nani?" nikamwuliza.

Hakuelewa.

"Mimba. Ni ya nani?"

Maneno yalimtoka moja moja. "Yako. Ile siku. Ya mvua. Kabla hujanileta."

Ilikuwepo siku hiyo. Adhuhuri moja mvua ilipotufungia ndani nilijaribu, nikashindwa, nikageukia ukutani. Kiden alinikumbatia mgongo akasema imetosha hivyo. Yeye aliona palikuwa na kitu. Mimi nilijua hapakuwa na kitu.

Nikamwacha palepale, maziwa yakimtiririka, nikatoka.

* * *

Habari zilifika mji wa Yei, kwa kina Kiden. Jumanne dada yake mkubwa, Tisa, akashuka kwenye lori na furushi la nguo za kitoto alizoshona mwenyewe. Tisa ni mwalimu wa shule ya msingi, alisomea Uganda, na Kiingereza chake kinazidi changu. Alinikuta nyumbani.

"Hongera, shemeji," akasema, akinipa mikono yote miwili.

Sikuipokea. "Usinipe hongera. Mtoto si wangu."

Furushi akaliweka chini. "Hilo ni jambo zito kusema, shemeji. Unajuaje?"

"Najua."

"Unajuaje?"

Nilitaka kumpaka Kiden tope, na tope lenyewe lilikuwa limefungiwa kwangu. Nisingeweza kumshtaki bila kujitaja. Na hasira ilikuwa imenishika kiasi kwamba nilijitaja.

"Kwa sababu siwezi," nikasema. "Tangu Kaya. Miaka miwili na zaidi. Sijamwingilia mke wangu hata mara moja. Sasa umejua."

Tisa hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha kamba.

"Kiden anajua kwamba huwezi?"

"Anajua."

"Na alikwenda kwa daktari kusema nini?"

Nikaliokota furushi lake chini nikaliweka mezani.

"Shemeji, nimeshuka lori pale Konyo Konyo. Wanawake wawili wameniambia ugonjwa wa mdogo wangu kabla sijauliza. Wana neno lake. Kama wewe huwezi, neno hilo daktari alilipata kwa nani?"

Nikaangalia miguu yangu.

"Nani alikuwa anamtafsiria?" Tisa akauliza.

* * *

Alhamisi ndege ikaja. Tisa hakungoja kuitwa. Aliingia chumbani kwa daktari mbele yangu akaketi.

Daktari alitaka kwanza amwone Kiden. Alimpima mikono, ulimi, macho. Alipoona kifua kimelowa, uso ulimbadilika. Akamwita mkunga wa hospitali, mama Helen, mtu asiye na maneno mengi. Pazia likavutwa. Helen alichukua muda, kisha akatoka akinawa.

"Mfuko wa uzazi hauna kitu," akamwambia daktari kwa Kiingereza. "Hakuna mimba."

Daktari alivua miwani. Alitueleza pale ukumbini, Tisa na mimi. Ni sindano, akasema. Dawa ile kwa baadhi ya wanawake husimamisha damu ya mwezi, huleta maziwa, huongeza mwili. Angekuja Julai angeziona dalili mapema na kuisimamisha. Dawa ikiisha mwilini, maziwa yatakauka.

Hapakuwa na mlinzi, wala mfagiaji, wala Saturnino. Hapakuwa na mtu yeyote.

Hapo Tisa akaanza kusema. Alisema Kiingereza cha darasani, taratibu, bila kunitaja kwa jina. Alisema mume alivyoumizwa Kaya. Alisema mke alikuja kumwombea mume matibabu. Alisema mume ndiye aliyekuwa mdomo wa mke.

Daktari alirudi chumbani, akafungua faili, akaniita. Akaweka kidole mstari wa kwanza.

"Hapati usingizi. Alisema hivyo?"

"Hapana."

"Hakuna kinachomtosha."

"Hapana, Daktari."

Akafika kwenye yule mwanamke wa ndani. Hakuuliza. Alinitazama tu, nami nikatikisa kichwa kukataa.

Nilitegemea atanifokea. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilimwona mzima kwa macho yangu, bwana Pitia. Nikaamini masikio, na masikio yangu ulikuwa wewe."

Akachukua kile kitabu mezani, akakigeuza upande wangu. "Soma. Neno la mke wako lingeingia hapa. Sasa soma mstari wa juu yake."

Nikasoma. Ulikuwa udhaifu wa mwanamume. Ulikuwa na namba, kama malaria.

"Lako lilikuwa hapo muda wote," akasema. "Wakati mwingine linatibika. Ungesema Juni, tungekuwa tumeanza."

Akakata mistari yote kwenye faili, akatia sahihi, akaandika sindano isimame leo. "Humu naweza kufuta," akasema. "Huko nje sina kifutio."

Kisha akasimama. "Lazima aambiwe leo kwamba hakuna mtoto. Asiachwe hivi hata siku moja zaidi. Mwalimu, utanisaidia?"

Tisa alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu lakini makavu.

"Hapana, Daktari. Nitaketi, nitasikiliza kila neno, na atakalopindisha nitalinyoosha. Lakini mimi sitamwambia mdogo wangu jambo hilo. Aliyemsemea mwanzo amsemee na hili."

* * *

Tuliingia wodini watatu. Jua la mchana lilikuwa limefika kwenye kitanda chake. Mtu alikuwa amempa lile furushi la Tisa, naye alikuwa amezitandaza nguo za kitoto magotini, moja baada ya nyingine, mikono ikitetemeka.

Tisa akaketi mwisho wa kitanda. Daktari akavuta kiti. Mimi nilibaki nimesimama.

"Pitia," Kiden akasema. "Keti. Hapa."

Nikaketi. Harufu ya maziwa ilinijia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno. Yalikuwa manne tu kwa Kikakwa. Nilifungua mdomo, naye akaniwekea mkono wake juu ya wangu, mzito, baridi.

"Ngoja. Nianze mimi," akasema. Alisema kwa kukatizwa na ulimi, akimeza mate kila mara, nami nawaandikia yote pamoja. "Siku ile nilijua hukusema nilichosema. Niliuona uso wa daktari. Nimekuchukia kila siku kwenye kitanda hiki. Ulikuwa unanilisha na mimi nakuchukia. Sasa nimekusamehe, Pitia. Nimekusamehe kwa ajili ya huyu. Sitaki mtoto azaliwe kwa mama mwenye kinyongo."

Tisa akafunika uso kwa kanga.

Daktari hakuelewa hata neno. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akaniinamia.

"Amesema nini?" akaniuliza.